Njia Ndefu ya Mkokoteni

Mvuta mkokoteni wa Embu mjini huhamisha watu, na maneno yao huyaacha yapite. Anayeingia kutoka Gachoka husifia maji ya mfereji na taa za barabarani. Anayetoka hulalamikia kodi na majirani wasiosalimiana. Yeye huitikia "eeh" tu, akikaza kamba kwa viganja vyake vigumu kama soli.

Juzi alimpeleka Mama Ruguru steji ya matatu, mama akirudi kijijini kwao Kiambere.

"Hii town hakuna mtu anakujua," mama akasema.

Jamaa wa mkokoteni akaacha njia ya mkato, akapitia sokoni. Muuza ndizi akasimama.

"Mama Ruguru, unahama na hujaniaga?" Akapachika kichana cha ndizi juu ya godoro lililofungwa mkokotenini.

Jamaa akakaza kamba upya.

"Tupitie na kwa fundi wa viatu?"