Mkwe Kwenye Ngazi

Redio yetu ilikuwa Kitengela, orofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Ulipanda ngazi za nje ukivuta harufu ya dawa ya kupe, na ukiingia studio ulikutana na trei za mayai tulizopigilia ukutani kuzuia mwangwi. Maikrofoni tulikuwa nazo moja na nusu. Ile nusu ilisema ukiilaza upande. Ukiisimamisha wima, inanuna. Mvua ikianza kupiga mabati tuliweka nyimbo, maana hakuna binadamu aliyeweza kushindana na yale mabati. Kuna mtu alidai alikuwa anatusikia mpaka Kona Baridi. Hatukumwamini, lakini tulimsalimia hewani kila asubuhi.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili, serikali ya zamani imeondoka, na kila mwenye kalamu alidhani nchi itanyooka kufikia Ijumaa. Mimi nilidhani itanyooka Alhamisi. Nilikuwa nimesomea uandishi wa habari Nairobi, nina binti mmoja mdogo, na ulimi ambao mama yangu alisema ndio utakaomfukuza kila mwanamume atakayebisha hodi. Niliamini redio ya jamii ipo ili iulize maswali. Wasikilizaji waliamini ipo ili itafute ng'ombe.

Na ng'ombe tuliwatafuta kweli. Saa moja asubuhi nilikuwa nikisoma matangazo ya mifugo waliopotea: mtamba wa kijivu, sikio la kushoto limekatwa, mara ya mwisho alionekana akielekea Isinya. Hicho ndicho kipindi kilichotulisha. Watu walizima jiko wasikilize. Nilipoomba nipewe saa moja kwa wiki ya siasa, mwenyekiti wa kamati ya redio, mwalimu mkuu mstaafu aliyevaa tai hata akienda kukamua, alinitazama kama mwanafunzi aliyeomba ruhusa ya kuuza kengele ya shule.

"Msichana," alisema, "watu wa hapa wanataka kujua ng'ombe yao iko wapi. Siasa wanapata kwa matanga."

Nilimsumbua mpaka akachoka. Akanipa Alhamisi, saa mbili asubuhi, saa ya kwaya, kwa sharti. Diwani wetu alikuwa amefariki na uchaguzi mdogo ulikuwa unakuja. Nifanye mdahalo mmoja wa wagombea. Wakitukanana, au wakikaa kimya, Alhamisi inarudi kwa kwaya, na mimi narudi kwa ng'ombe moja kwa moja.

Sikuwa nataka Alhamisi kwa ajili ya sifa tu. Nilikuwa na swali lililonikaa kooni. Kwenye uwanja wa mnada wa mifugo, pale wafugaji walipouza mbuzi na akina mama walipouza maziwa na sukuma wiki, kulikuwa kumeota mawe ya mipaka. Hayakuwapo, kisha yakawapo, yamepakwa chokaa nyeupe, safi kabisa. Uwanja ukienda, nusu ya mji inakosa pa kuchumia. Aliyejua habari ya yale mawe alikuwa katibu wa kamati ya mnada, na huyo katibu sasa alikuwa mgombea. Kijana wa Kimasai, mtanashati, mwenye meno meupe kuliko yale mawe. Nilikuwa nimemuuliza hewani, nimemuuliza kanisani, nimemuuliza akinunua nyama. Kila mara alinijibu kwa upole, "Dada, hiyo mambo inashughulikiwa." Nani anaishughulikia hakusema. Nilikuwa namchukia kwa moyo wangu wote.

Mpinzani wake alikuwa mama Mkamba, mjane, mwenye shamba la nyanya kando ya mto na meza ya mboga pale pale mnadani. Mama wa kanisa, mpole, lakini akikukazia macho unakumbuka dhambi zako. Nilikuwa nimegundua jambo moja lililonifurahisha sana: hawa wawili hawakuwahi kusimama jukwaa moja. Mama akifika kwenye mkutano, kijana anaondoka. Kijana akipita sokoni, mama anageukia upande wa pili na kujifunika leso. Nikasema, chuki ya namna hii ndiyo redio. Mgombea wa tatu, tajiri mwenye lori la unga, alituma salamu kwamba yuko kwenye mazishi. Sikumhitaji.

Alhamisi ikafika. Mama alikuja mapema, akaketi, akaweka kiondo chini, akaomba maji. Fundi wetu wa mitambo, mwanamume wa makamo asiyesema neno mpaka aulizwe, alikuwa anakunja na kukunjua nyaya. Zikiwa zimebaki dakika chache, nikasikia viatu vinapanda ngazi na mtu anapiga mluzi. Mlango ukafunguka. Katibu akaingiza kichwa, akamwona mama, mluzi ukakatika katikati. Alishuka zile ngazi kwa kasi niliyoiona siku nyingine moja tu, nyati alipotoroka mbugani na kuingia mjini. Nilipogeuka, mama alikuwa amejitupia leso kichwani, uso umeelekea trei za mayai.

Nilimfuata katibu mpaka dukani. Nilimkuta amejibanza nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, jasho linamtoka.

"Unaogopa mdahalo?" nilimuuliza.

"Dada, siogopi mdahalo. Lakini hiyo nyumba yako imekaa mama ya bibi yangu."

Nilisimama pale katikati ya maboksi ya vifaranga. Haikuwa chuki. Ilikuwa adabu. Mkwe wa Kimasai haketi chumba kimoja na mama wa mke wake, hamtazami usoni, hamtaji jina. Na kwetu Ukambani ni vile vile; tunaiita nthoni, na nimelelewa ndani yake. Nimemwona baba yangu akiingia kwenye shamba la mahindi, suti na viatu vya Jumapili, kumpisha mama mkwe wake, nyanya yangu, njiani. Sasa nthoni ilikuwa imenipita mbele ya macho miezi mizima, nami nikaiita siasa. Nilikuwa nimejiambia kwamba huyu ni Mmasai, yule ni Mkamba, basi lazima wanachukiana. Haya ndiyo niliyokuwa nimesomea Nairobi.

Nilipanda juu nikimwakia fundi. "Ulijua?"

"Mji wote unajua," alisema. "Tulidhani umepanga. Watu wanangoja waone utafanya aje."

Na kweli walikuwa wanangoja. Chini ya ngazi kulikuwa na umati, akina mama wa maziwa, wachuuzi wa mbuzi, hata mchinjaji mmoja na aproni yake ya damu. Mwenyekiti naye alikuwa amefika na tai yake, akaketi kwenye kiti cha wageni akitazama saa ya ukutani. Nilijua anachokiona kichwani mwake: kwaya.

Niliinama kwa mama. "Mama, tutafanyaje?"

"Mwanangu, mimi naweza ongea," alisema kutoka ndani ya leso. "Lakini si na yeye. Wewe ndio utaongea na yeye."

Fundi ndiye aliyetuokoa, bila maneno. Alichukua ile maikrofoni nusu, akaifunga waya mrefu, akautoa nje kupitia mlangoni, akamkalisha katibu kwenye ngazi, mgongo kwa studio. Kisha akatundika shuka yake ya baridi mlangoni. Mama ndani, mkwe nje, mimi katikati. Nikafungua matangazo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la ng'ombe wake mwenyewe.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Hawakuweza kusemeshana, kwa hiyo kila neno lilipitia kwangu, ingawa wote wawili walisikiana vizuri na mji mzima uliwasikia.

"Mwambie aliye nje kwamba barabara ya mto imeharibika."

"Mama anasema barabara ya mto imeharibika."

"Mwambie paker nimesikia, na anasema ukweli."

Paker ni jina la Kimasai wanaloitana mkwe na mama mkwe baada ya mkwe kumpelekea kondoo. Hilo ndilo jina pekee alilokuwa nalo la kumwita, na alilitamka kwa adabu hivi kwamba mchinjaji kule chini alivua kofia. Nami niliendelea kubeba sentensi kutoka ndani kwenda nje, kutoka nje kwenda ndani, vifaranga wakilia hewani kupitia ile maikrofoni nusu. Nilisoma miaka miwili nije kuwa pazia. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Mwenyekiti alikuwa ameanza kusinzia, na nikaona Alhamisi yangu inaondoka.

Ndipo nikakata tamaa nikauliza swali langu. Nilisogeza shuka kidogo. "Ndugu katibu, yale mawe ya mnadani ni ya nani?"

"Dada," alijibu kwa ile sauti yake laini, "hiyo mambo inashughulikiwa."

Nilitaka kumtupia kiti. Lakini mama alikuwa ameinua kidole.

"Muulize tena," alisema. "Lakini sema ni mimi nauliza."

Nikageuka mlangoni. "Mama anauliza, yale mawe ni ya nani?"

Niliona mabega ya katibu kupitia upenyo wa shuka, yalikuwa yameshuka. Mimi angenidanganya mpaka uzeeni na kulala vizuri. Mama wa mke wake angemdanganya vipi, watoto wake wakiwa wajukuu wa mama huyo, na mji wote ukiwa chini ya ngazi?

"Mwambie paker," alisema polepole, "nusu ya uwanja imeuzwa. Nilikuwa kwa huo mkutano wa kamati. Mimi ndio niliandika."

Kule chini mtu aliangusha debe la maziwa. Mwenyekiti akafungua macho.

"Muulize yeye alipata nini," mama alisema.

"Mama anauliza ulipata nini."

"Nilipewa ploti. Ya kona."

"Muulize kama amejenga."

"Bado."

Mama alivuta leso vizuri. Hakuwa na hasira hata kidogo, alisema kama mtu anayeuliza kama watoto wamekula. "Muulize kama atajenga pale ninapouzia mboga."

Nilimpelekea swali. Nilimpelekea neno kwa neno. Mkwe hamkatalii mama mkwe jambo aliloliomba mbele za watu. Alijua. Mama alijua. Mimi ndiye pekee niliyechelewa kujua.

"Mwambie paker hapana," alisema. "Mwambie sitajenga. Na hiyo karatasi ya mkutano nitaleta."

Mama alikunywa maji yake yaliyobaki. "Mwambie ahsante," alisema. "Na mwambie yule mtoto wa pili ana kikohozi, ampeleke kliniki."

Nililisema na hilo hewani.

Kabla ya mchana akina mama wa maziwa walikuwa wameng'oa mawe yote ya mnadani. Mengine walienda nayo nyumbani kupikia. Wiki iliyofuata, katibu alileta karatasi yake kwenye baraza, mbele ya watu, na waliouza uwanja wakashindwa kumfanya akane, kwa kuwa neno lililosemwa kwa mama mkwe halirudi kinywani. Mnada ukabaki. Uchaguzi alishinda yule wa tatu, mwenye lori la unga, na sikushangaa sana. Nilihuzunika siku moja, kisha nikaenda kumuuliza maswali.

Mwenyekiti hakunipongeza. Alinyoosha tai yake, akaniuliza, "Alhamisi ijayo uko na nani?" Nikamtajia mheshimiwa mmoja. Akafikiri. "Angalia kama ako na mama mkwe," alisema.

Nilijaribu, kusema ukweli. Nilisafiri mpaka Rombo kumtafuta mama mkwe wa mheshimiwa huyo. Nilikuta ameshapelekewa ng'ombe watatu na hataki kusikia habari za redio.

Sasa redio ile haipo, duka la dawa limekuwa benki, na yule binti yangu mdogo ameolewa. Mume wake anasimamia mradi wa kisima cha mtaa wetu. Kisima kimezinduliwa, kimepigwa picha, utepe umekatwa. Maji ndiyo bado. Akiniona barabarani anavuka. Watu wananiambia nina bahati, vijana wa siku hizi hawana adabu kama hiyo. Nami najifunika leso, naangalia pembeni, namwacha apite. Krismasi iliyopita alinitumia kondoo mnono. Kondoo tumemla. Swali bado ninalo.