Aliyemponya Bibi, Kisha Akamrudishia Kikohozi

Saa mbili asubuhi boneti iko wazi, na Fundi Koili ameinama mpaka kiunoni, sikio likielekea kwenye injini kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana nyuma ya ukuta. Penseli imechomekwa kwenye kilemba chake. Haandikii chochote.

"Washa!" anapaza sauti. Mwenye gari, dereva wa teksi, anawasha. "Zima! Umeshasema ya kutosha."

"Mimi sijasema kitu, dada."

"Sikuongea na wewe. Naongea na gari."

Ana miaka arobaini na moja, na nusu ya miaka hiyo ameimaliza katika gereji hii ya baba yake, yenye paa la mabati na sakafu nyeusi kwa oili. Siku njema hutengeneza magari sita. Siku mbaya hufagia tu. Kazi yake ni umeme wa magari ya zamani, yale yenye koili moja inayolisha plagi zote.

Koili ni kopo linalokuza umeme wa betri hadi uweze kuruka kama cheche. Kichwani hufungwa waya mbili nyembamba: ya kutoka kwenye swichi huenda penye alama ya kujumlisha, na ya kwenda kwenye distribyuta, kifaa kinachoigawia kila plagi cheche yake, huenda penye alama ya kutoa. Ukizibadilisha, gari haligomi. Linawaka.

"Bora lingegoma," anasema. "Linawaka, watu wanakushangilia, unanawa mikono. Likifika mlimani cheche inakuwa dhaifu, linaanza kukohoa kama mzee wa tumbaku."

Kikohozi hicho ndicho kilichowasha moto kwao wiki iliyopita.

Gereji ina mafundi wawili, dada wa baba mmoja na mama mmoja. Mdogo huitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Baba yao, ambaye mgongo wake umekataa kuinama tena, ametangaza kwamba Jumamosi atakabidhi ufunguo wa gereji kwa mmoja wao.

"Mimi nikishusha injini nzima na kuirudisha, Baba anasema 'haya'," anaeleza Fundi Koili. "Yeye akikaza skrubu moja, watu wanaitwa waje kuona."

Mbele ya gereji huegeshwa gari kuukuu la baba, ambalo mtaa mzima hulijua kwa jina la Bibi. Kitinda ndiye aliyemwekea koili mpya. Alifunga waya kama zilivyokuwa kwenye ile ya zamani: ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Lakini koili mpya ilikuja na alama zake zimebadilishana pande, naye hakutazama.

Bibi akawaka. Baba akapiga makofi. "Mikono ya marehemu mama yenu hiyo!"

Neno hilo lilimkata maini dada mkubwa. "Vidole vya mama ninavyo mimi," anasema, akivinyoosha hadharani. "Mpaka kucha. Muulize yeyote aliyemjua."

Jioni ile Bibi alikohoa mlimani. Fundi Koili aliujua ugonjwa kwa kuusikia tu, akauma meno. Baba na Kitinda walipokwenda kula, alilegeza nati mbili, akazirudisha waya mahali pake. Kesho yake Bibi alipanda mlima akiimba.

Alisubiri baba aulize nani kamponya. Baba alishuka, akamkumbatia Kitinda. "Unaona? Koili yako ilikuwa inazoea tu!"

"Inazoea!" Fundi Koili anaipiga boneti kofi. "Kwani ni kiatu?"

Mchana uleule alilegeza nati zilezile, akamrudishia Bibi maradhi yake.

Safari iliyofuata, baba akiwa kwenye usukani na Kitinda kando yake, Bibi alikohoa hadi akazima katikati ya mlima, mbele ya kibanda cha kinyozi. Fundi Koili alipanda kwa miguu, bila haraka, penseli kichwani. Alichomoa waya moja ya plagi, akaishika kwa koleo la mpini wa mpira, akaacha mwanya mdogo kati yake na plagi na kuweka ncha ya penseli katikati. Kitinda akapiga stata. Cheche ikachanua upande wa waya badala ya upande wa plagi.

"Koili imefungwa kinyume," alitangaza, kinyozi naye asikie. "Kulia kulia, kushoto kushoto, kama mtoto anayejifunza kuvaa ndala!"

Kinyozi alicheka, na mteja wake mwenye povu kidevuni naye akacheka. Kitinda aliangalia chini. Baba hakucheka.

"Jana alipanda vizuri," alisema polepole. "Kati ya jana na leo, nani kamgusa?"

"Mimi. Nilimponya, ukamsifu yeye. Basi nikamrudishia kikohozi chake, asifiwe nacho."

Baba alishuka garini. Kisha akatoa hukumu. Mdogo alikosa kwa kutojua, mkubwa kwa makusudi. "Lakini sikio kama lako sijaliona, hata kwangu mwenyewe halimo. Ufunguo ni wako. Ila kwanza umwombe mdogo wako radhi, hapahapa mlimani, mbele ya hawahawa uliowachekesha."

Sifa aliyoingoja maisha yake yote ilimfikia ikiwa na sharti.

Alishuka mlima bila kulitimiza, na leo ni Ijumaa. Kitinda anapita na betri mikononi. "Dada, niambie lile neno moja tu. Ufunguo wenyewe mimi siutaki."

"Beba betri yako, mama."

Ng'ambo ya barabara kuna kibanda kitupu. Fundi Koili ameshazungumza na mwenye kibanda kuhusu kukikodi, na kibao ameshakichora kichwani: koili moja kubwa, alama zake zote mbili zikionekana toka mbali. Anataka mlango wake utazamane na gereji ya baba, ili kila gari linalokohoa likipita lichague.

Kutoka kwenye kigoda chake, baba anakohoa kidogo. "Jumamosi ni kesho, binti yangu."

Fundi Koili anachomoa penseli kilembani, anaipuliza ncha.

"Najua, Baba. Waya nilizigeuza mimi, mara zote mbili, na wivu ulikuwa wangu. Samahani sisemi."