Nilivyomsuka Mwanamke Niliyemchukia

Mwaka wa pili nikiwa msafishaji kwenye klabu moja ya wanawake mjini Doha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwalimu wa dansi alinikuta chumba cha kubadilishia nguo nikimsuka mwenzangu, Mkenya wa ulinzi. Alisimama mlangoni akaangalia vidole vyangu. Hakusalimu.

"Wewe. Kesho saa nane mchana. Kichwa changu."

Akaondoka.

Alikuwa Muuzbeki anayekaribia miaka hamsini, shingo ndefu, midomo imebanwa. Ngoma za kwao huchezwa nywele zikiwa zimesukwa misuko midogo arobaini, na Doha nzima hakuwa amepata mtu wa kumsuka ikakaa. Mimi ni wa Tanga; nilianza kusuka kabla sijajua kusoma. Basi kabla ya kila onyesho nilikaa nyuma yake, naye akawa ananisema tu. Mara nimevuta mno, mara nimelegeza, mara nanuka dawa ya choo. Nilimwita Madam kwa sauti ya mtu anayetema kokwa.

Lakini mtu akikaa mikononi mwako saa mbili, atasema tu. Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza alinieleza kwamba alipelekwa chuo cha ngoma kwao Tashkenti akiwa na miaka tisa, na mwalimu wake aliwachapa magoti kwa fimbo wakikosea hatua. Baadaye alicheza kwenye kikundi cha serikali, akazunguka nchi nyingi. Dola lao kubwa lilipovunjika, kikundi kikasambaratika, akabaki kucheza kwenye harusi na kumbi za hoteli, mpaka akaletwa Doha kufundisha.

"Mwalimu wangu alikuwa mnyama," alisema. "Lakini tazama mkono huu."

Akauinua. Kifundo kikatetemeka peke yake, bega limetulia tuli, njuga alizovaa mkononi zikalia. Niliona uchungu kwamba ulikuwa mzuri hivyo.

Goti lake la kulia nililijua mimi tu. Lilikuwa likivimba na kuwa la moto, nami ndiye niliyelifunga bandeji kabla hajavaa suruali yake ya hariri.

"Ukisema, nitahakikisha unarudishwa kwenu," aliniambia.

Sikusema, mpaka siku aliponikuta napiga deki ukumbini, akanikamata kiganja na kuuinua mkono wangu mbele ya wanafunzi wake.

"Mnauona? Mkono wa kushikia fagio. Ndivyo mnavyocheza nyinyi."

Wakacheka. Wachache waliinamisha macho. Nilimaliza kupiga deki hadi pembeni, nikakamua tambara, nikapanda juu kwa mkurugenzi na kumweleza habari za goti. Nilimwambia namhurumia mwalimu. Uongo. Nilitaka aumie.

Akapelekwa hospitali. Daktari akamkataza kucheza, na klabu ikamwondoa jukwaani. Akabaki kufundisha.

Wiki iliyofuata aliniita nimsuke kama kawaida, ingawa hakuwa na onyesho. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa aliposema, macho yake yakiwa kwenye kioo, "Ni wewe."

"Ndiyo, Madam. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya fagio."

"Mimi mwalimu wangu sikuthubutu kumfanya kitu," alisema. Kisha akageuza shingo kwa hasira. "Khalas, basi. Suka. Na usivute."

Hatukupatana. Miezi minne mizima alitunga ngoma ya wanawake kumi na wawili, yeye amekaa kitini, anapiga dufu na kuwafokea hadi wakalia. Wawili waliacha, akatafuta wengine. Mimi nilikuwa nasubiri aaibike.

Onyesho lilikuwa kwenye ukumbi wa wanawake, mji jirani wa Al Wakrah. Niliwasuka wote kumi na wawili, kazi ya siku tatu. Walipoingia, waliketi chini na hawakuinuka karibu ngoma nzima. Mikono na shingo tu ndiyo iliyocheza. Aliitunga kwa kadiri mwili wake mwenyewe ulivyoweza. Akina mama waliacha kula. Mimi nyuma ya pazia nikajikuta nalia, nikajichukia kwa kulia.

Waliposhangilia, alikataa kupanda jukwaani. Alinigeukia. "Yule wa tatu, msuko umefunguka," alisema, akaenda zake.

Tangu hapo shule na familia za harusi zikawa zinamtafuta awatungie ngoma, akawa mkubwa kuliko alipokuwa akicheza mwenyewe. Aliomba niondolewe usafi niwe msusi wake. Tulifanya kazi pamoja miaka minane mingine bila kuketi kula pamoja hata siku moja. Alipokuwa anarudi Tashkenti kabisa, wenzangu walimwandalia keki. Mimi nilibaki chumbani kwangu mtaa wa Muaither, nikafua mashuka.

Watu huniuliza kama nilimsamehe. Sikumsamehe, na sidhani kama yeye alinisamehe. Ngoma ile bado inachezwa na wanafunzi wake. Wakinialika kuwasuka, nakwenda. Nikimaliza kichwa cha mwisho nachukua mkoba wangu na kuondoka kabla hawajaanza.