Nilimtafuta Babu Mwingereza, Nikapata Kaka

Jamani, leo nimepoteza mchumba nikiwa nimekaa juu ya robota la jinzi hapa Xintang, China.

Mnamjua Salim wangu wa Unguja. Mama yake ananikataa kwa neno moja tu: "Hatujui kwao."

Haya. Tulikuwa tunasubiri kontena lipakiwe, nikasema ngoja nimtafutie huyo mama kwetu kote. Upande wa Singida ameshaambiwa. Ukabaki ule wa baba yake bibi yangu, Mwingereza, fundi wa simu enzi za mkoloni.

Vitabu vya ubatizo vya kanisa la kijijini kwao Uingereza vimo mtandaoni. Nikampata! Albert, mtoto wa muoka mikate. Kwenye sensa yumo pia, na pacha wake Ada.

Salim akachungulia simu yangu.

"Mbona huyo ni baba yake bibi yangu? Jina hilohilo, kijiji hichohicho."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na bibi anaitwa Ada, kama huyo pacha."

Yaani babu alizunguka! Bibi zetu ni dada, baba mmoja.

Kwetu Singida hapo hakuna ndoa, huyo ni kaka. Nikahamia robota la pili. Laobani, yule mama mwenye kiwanda, akadhani tumegombana, akatuletea chai.

Salim akampigia mama yake, akamweleza. Nikajiandaa kusikia kilio.

Nikasikia vigelegele.

"Kumbe kwao ndo kwetu! Wa ukoo ndo wa kuoa, mlete!"

Sasa mama wa Unguja anachagua dera la harusi, na mama yangu wa Singida, tangu nimwambie, hapokei simu.

Nyie mngekaa robota lipi?