Gari la Marehemu Latangulia Msafara wa Harusi

Ijumaa asubuhi niliondoka mtaani kwangu Mudzipela kwa pikipiki kwenda Gety, kwa sababu Mama Dorika alinipigia simu akiwa karibu kulia. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Bunia, na marehemu mume wake alikuwa mteja wangu. Kesho yake binti yao Neema angefunga ndoa Bunia, na mama alitaka atoke nyumbani ndani ya gari la baba yake. Lakini taa za kuashiria zilikuwa zimegoma. Kwetu gari la bibi harusi hutangulia msafara likiwa limewasha waningi, yaani taa zote za kona zikipepesa pamoja. Wenye msafara walikuwa wameshasema kwamba taa zisipopona, watakodi gari lingine.

Njiani, kupita Bogoro, vumbi lilinijaa mpaka kwenye nyusi. Sikuwa na wasiwasi. Mfukoni nilikuwa na santrali mpya, kile kidude kinachozipa taa mapigo ya kuwaka na kuzima, na ugonjwa nilikuwa nimeshautaja kabla ya kumwona mgonjwa.

Gety nilifika mchana. Gari lilikuwa uani, limepakwa rangi nyeupe mpya likang'aa kama jino la mtoto. Baba mdogo wa Neema, mdogo wake marehemu, ndiye aliyelipaka kwa brashi yake mwenyewe. Nikabadilisha santrali, nikabonyeza waningi. Mbele taa zikapepesa vizuri. Nyuma zikawa hafifu, na taa za breki nazo zikashtukashtuka bila kuguswa.

"Fundi, iko vilevile," Mama Dorika akasema.

"Mama, itapona tu."

Niliona aibu kidogo, lakini jibu langu nililiamini. Umeme usipopata njia ya kurudi, hujipenyeza kwa jirani. Nikavuta waya kutoka taa ya nyuma moja kwa moja hadi kwenye hasi ya betri, taa zikapepesa sawasawa. Basi tatizo lilikuwa masi, ule waya uliofungwa kwa bolti kwenye bodi ili kuurudisha umeme. Nikafungua buti. Bolti, ncha ya waya, na bati lililo chini yake, vyote vilikuwa vyeupe. Baba mdogo alikuwa amefungua bolti, akapaka, akafunga tena.

"Baba mudogo, hapa nakwangua."

"Rangi yangu? Nilipaka mpaka ndani kusudi gari ya kaka yangu isibaki na kutu."

"Rangi inafungia umeme njia. Nakwangua kidogo tu, kama ukucha."

Akabaki amesimama mbele ya buti. Mama Dorika akachukua msasa mkononi mwangu, akampa shemeji yake.

"Weye ulipaka, weye ukwangue."

Akakwangua polepole mpaka bati likaonekana. Nikakaza bolti, nikapaka grisi. Taa zikaitika zote.

Jumamosi tulirudi Bunia, sisi mbele, baba mdogo kwenye usukani na magari mengine yakipiga honi nyuma yetu. Mlangoni mwa kanisa Neema akashuka. Baba mdogo akanyoosha mkono azime waningi.

"Acha," Mama Dorika akasema. "Watu waone mutoto amefika na gari ya baba yake."

Betri ilikuwa ya zamani, na nilijua lingetokea nini. Safari hiyo ilinifundisha kwamba gari lenye rangi mpya huanza kukaguliwa kwenye masi. Ilinifundisha pia kwamba fundi mzuri kuna wakati anafunga mdomo.

Misa ilipokwisha, waningi zilikuwa zimemaliza betri, na gari halikuwaka. Tukalisukuma, na wa kwanza kuinama alikuwa Mama Dorika, amevaa kikwembe chake kipya, akicheka huku machozi yanamtoka.