Maji ya Mapafuni Huenda Wapi

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wazazi, kwenye hospitali ndogo huko Mwika, nilikabidhiwa taulo na kuambiwa nisimame kando ya kitanda. Mtoto alipotoka, Sista Mkuu alimshika miguu, akamning'iniza kichwa chini na kumpiga makofi mgongoni. Ute ukadondoka, mtoto akalia. "Maji ya mapafu hayo," alisema. Nilitazama sakafuni. Yasingejaza hata kijiko.

Chuoni tulifundishwa kwamba tumboni mapafu ya mtoto yamejaa maji, na oksijeni anaipata kwa damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Basi nikauliza maji mengine yamekwenda wapi. Sista Mkuu alikuwa mtu mwema, lakini maswali yalimchosha. "Wewe mkaushe mtoto," alinijibu, "maji mwachie Mungu." Nilimkausha, ila swali sikuliacha. Mimi ni mbishi tangu utotoni.

Baadaye nilihamishiwa Moshi mjini. Wakati huo wajawazito walishaanza kuja na glavu zao wenyewe, maana stoo yetu ilikuwa tupu. Aliyenijibu ni Daktari wa Watoto, mzee mwembamba asiyependa haraka. Alisema uchungu unapoanza, mapafu huacha kutengeneza maji na kuanza kuyafyonza. Mtoto akilia, hewa huyasukuma yapenye kuta za vifuko vidogo vya mapafu mpaka yaingie kwenye damu. Vifuko hivyo vina utelezi wake, unaovizuia visigandamane mtoto anapotoa pumzi.

"Sasa kumning'iniza kunamsaidia nini, daktari?"

"Kunamtisha tu."

Nilifurahi siku nzima, nikawachosha wenzangu kwa kuwaeleza.

Nilipokuwa mkuu wa wodi Marangu, mama mmoja alijifungua kwa operesheni kabla uchungu haujaanza. Mwanawe alipumua mbio, matundu ya pua yakitanuka, akiguna kila pumzi. Daktari alimpima, akasema maji yamechelewa kufyonzwa. Tukamwekea oksijeni na kumsubiri. Mama mkwe wa mzazi, bibi aliyekuja na chupa ya mtori, ile supu ya ndizi ya wazazi, alikuwa amemzika mjukuu mwingine muda si mrefu. Asubuhi nilimsikia akisema ameacha zamu yake ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji ya mlimani kwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani. Sasa alikuja mpaka kwenye kitanda cha mtoto, mikono mbele.

"Mgeuzeni maji yatoke. Kama hamtaki, namgeuza mwenyewe."

Nikasimama kati yake na mtoto. "Bibi, ukifungulia mfongo uingie kihambani, huwa unayachota maji kuyatoa?"

"Niyachote ya nini? Ardhi inakunywa."

"Na mapafu yake ni hivyo hivyo. Yanakunywa kwa ndani, yanapeleka kwenye damu. Ukimgeuza unamchosha bure."

Akashusha mikono. "Na ardhi ikigoma kunywa?"

Nilimwambia wengi wa namna hii hupona, na huyu tutamwangalia hatutamwacha. Sikumwahidi zaidi, kwa sababu nilikuwa naogopa kama yeye. Akavuta kiti akaketi, macho kwenye kile kifua kidogo. Zamu ya maji ilipita, mtori ukapoa.

Kesho yake mguno ulikoma. Siku iliyofuata bibi aliniita, kiganja chake kikiwa juu ya kifua cha mtoto, kikipanda na kushuka polepole.

"Njoo uone, nesi," alisema. "Imekunywa."

Nililia, na sikujificha.

Sasa nimestaafu, naishi Rau, na bado nina swali. Ni nini hasa kinachomwambia mtoto avute ile pumzi ya kwanza? Daktari wa Watoto alinitajia baridi, mwanga, kukatwa kitovu. Naamini yote, ila hayanitoshi. Kwa hiyo mtoto akizaliwa kwenye ukoo wetu, wenzangu hupiga vigelegele. Mimi huweka kiganja kifuani pake, kama yule bibi, na kungoja.