Masunga Aliyekula Mabwana Harusi

Masunga Shigela wa Zombo ni mzee wa kanisa, baba wa watoto wanne, na mtu wa kuaminika katika kila jambo isipokuwa kumbikumbi. Akiwaona, hana dini wala adabu. Alikuwa na miaka saba baba yake alipohama Maswa na ng'ombe arobaini. Ng'ombe wengi walifia njiani, lakini ujuzi wa kutega kumbikumbi ulifika Kilosa salama. Si lazima kungoja mvua. Unachuchumaa kando ya kichuguu na fimbo mbili, unapiga ardhi polepole kama manyunyu yanayoanza, kisha unaongeza kasi mpaka wadudu walioko chini waamini kwamba mbingu zimefunguka. Wanatoka na mabawa yao kwenda kuoana, wanatumbukia kwenye sufuria.

Kichuguu kilichoko nyuma ya nyumba yake hakuwahi kukipigia fimbo, kwa sababu hakikuwa cha mchwa. Kilikuwa cha vidokozi.

Kidokozi ana ukubwa wa punje ya karanga, rangi ya chai ya maziwa, na akili ya kutosha kumkera mwenye nyumba. Watalii hupita Mikumi wakitafuta simba, na hakuna anayeshuka kwenye gari kuangalia chini, kwa hiyo vidokozi wameishi upande huu muda mrefu bila kupigwa picha. Matabaka yao yamepewa majina na wanakijiji, kwa kufuata serikali wanayoijua. Vibarua ni vipofu na hufa baada ya masika moja. Mgambo wana vichwa vikubwa na taya ndefu kiasi kwamba hawawezi kujilisha. Hulishwa mdomoni na vibarua, na ndiyo maana hawajawahi kupindua mtu. Wajumbe wana vipapasio virefu, tumbo laini na umri wa miaka kumi na mmoja. Hawabebi kitu, wanazungumza. Mabwana harusi wana mabawa, sura nzuri na kazi moja tu: waruke, waoe, wafe. Mama mkubwa, mnene kama ndizi, hutaga mayai. Watu humwita malkia, lakini hatawali chochote.

Amri hutoka jikoni. Hakuna kidokozi anayezaliwa mjumbe wala kibarua. Wote huanguliwa sawasawa, na siku ya tisa walezi huamua mtoto ale nini. Akipewa uyoga mweusi anakuwa kibarua, akipewa mate ya wazee anakuwa mjumbe. Mambo ya ukoo hawayajui. Kwao, wewe ni kile ulichokula.

Masunga alikuwa na mkataba nao wa miaka saba. Yeye aliwaachia pumba, wao waliweka mgambo kwenye miguu ya kihenge, na dumuzi, mdudu anayesaga mahindi kuwa unga, hakuthubutu kupanda. Mwaka huo kihenge kilikuwa na magunia kumi na mawili ya mahindi, chakula cha nyumba nzima mpaka mavuno. Wakiwa na neno, wajumbe huja barazani na punje za mahindi. Punje moja ni ndiyo, mbili ni hapana.

Novemba mvua ikachelewa, na hamu ya Masunga haikuchelewa. Vichuguu vya jirani vilikuwa vimekauka kama matofali. Siku ya tatu ya kumeza mate alichukua fimbo zake, akachuchumaa nyuma ya nyumba. Alijisemea kwamba atajaribu tu. Mdudu anayejua kusema hapana hawezi kudanganywa na vijiti.

Mdudu alidanganyika. Akili ni ya wajumbe, nao hawana mabawa. Mabwana harusi walimiminika kama wamefunguliwa geti, na nusu saa baadaye walikuwa jikoni, wakirushwarushwa na chumvi.

"Baba Winnie," alisema Getrude, mke wake, akiwa amesimama mlangoni, "hao si kumbikumbi."

"Wana mabawa?"

"Wanayo."

"Basi."

Alikula sufuria nzima peke yake, kwa sababu Getrude alikataa hata mmoja.

Asubuhi miguu ya kihenge haikuwa na mgambo. Ndani ya katambuga za Masunga, ya kulia na ya kushoto, kulikuwa na bawa moja moja, limelazwa vizuri kama bahasha. Alizibeba zilivyo mpaka kwa jirani yake Lupakisyo, fundi baiskeli. Babu yake Lupakisyo aliletwa kukata mkonge Kimamba, na huko ndiko alikojifunza kusoma alama za vidokozi, akamrithisha mjukuu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Msukuma. Umeua nani?"

Masunga akaeleza, akipunguza ukubwa wa sufuria. Lupakisyo alichungulia katambuga moja, akachungulia ya pili, kisha akacheka mpaka akakalia tairi.

"Ni mwaliko huu," alisema. "Wa harusi yako."

"Acha utani, Mnyaki."

"Utani ungekuwa mzuri kuliko huu. Umekula mabwana harusi mpaka ukavimbiwa. Kwa sheria yao wewe sasa ni bwana harusi. Wanakusubiri uruke."

"Nitawapa pumba. Gunia zima."

"Pumba hutolewa na mwenye ghala, na bwana harusi hana ghala. Kihenge chako sasa hakina mwenyewe. Mgambo wakilinde kwa niaba ya nani?" Akapangusa machozi. "Bibi harusi ni yule mnene kama ndizi. Mpe pole Getrude."

Siku ya tatu, chini ya kihenge kulikuwa na mstari wa unga. Getrude aliusugua kati ya vidole. Dumuzi walikuwa wamepanda, na wakishaanza hawali kwa aibu. Masunga alitaja dawa ya kunyunyizia. Getrude akamkumbusha kwamba dawa hiyo ingeua vidokozi pia, na mwakani angetafuta mgambo wengine wapi.

"Wao wanasema wewe ni ulichokula?" aliuliza.

"Ndivyo asemavyo Mnyaki."

"Basi ule kingine."

Alimega kipande cha uyoga mweusi kwenye ufa wa kichuguu, akakiweka barazani ndani ya katambuga ya mumewe, akakaa kusubiri. Walikuja wajumbe wanne. Walikigusa, wakagusana vipapasio, wakajadiliana kwa muda wa kuchemsha chai. Mmoja akasukuma punje mbele ya Getrude. Punje moja. Kisha wakapanga nyingine tisa kwa mstari: siku tisa.

"Mgambo wanarudi?" aliuliza Getrude, akinyoosha kidole kwenye kihenge. Wakarudisha ile punje moja: kwao, aliyeleta kibarua ndiye mwenye ghala kwa sasa. Kabla ya adhuhuri mgambo walikuwa kwenye nguzo, wakikata dumuzi vichwa kwa utaratibu.

Uyoga ule una ladha ya gunia lililoloa. Masunga aliula asubuhi na jioni, na kwa kuwa kibarua hali bure, alibeba udongo wa kuziba nyufa alizozifanya kwa fimbo: ndoo kumi kabla ya jua kuwa kali, wajumbe wakimkagua. Lupakisyo alitafuta kila sababu ya kupita na baiskeli.

"Kibarua, salama?"

"Pita huko."

"Unabeba vizuri. Una mustakabali."

Siku ya tano, bila kuambiwa, Masunga alichota na maji ya jikoni. Siku ya saba alipeleka kuni. Mtu akishazoea ndoo, mkono mtupu humwasha. Getrude aliangalia tu, kama mtu anayeangalia mbegu mpya shambani.

Alasiri ya siku ya tisa mvua ya kweli ikanyesha. Ilipokatika, mabwana harusi waliobaki wakatoka, na kumbikumbi wa vichuguu vyote vya Zombo pamoja nao, hewa ikajaa mabawa. Majirani walikimbia na masufuria. Masunga alisimama katikati ya uwanja na ndoo ya mwisho kichwani, mikono yote miwili imeishikilia, mdomo wazi kwa uchovu. Bwana harusi mmoja akatua kwenye mdomo wa chini, mnene, anang'aa, akakunja mabawa.

Pale kwenye kichuguu wajumbe wanne waliinua vipapasio. Getrude aliweka mwiko chini.

Masunga alifumba macho. Kisha akapuliza, kwa nguvu ya mtu anayezima mshumaa wa mwenzake, na yule akaruka akaenda kuoa.

Kesho yake, alipokuwa shambani, wajumbe walikuja barazani na punje tisa, wakazipanga, wakazizungushia duara. Getrude alielewa bila kumwita Lupakisyo: walitaka kujua kama siku za kibarua wao zimekwisha, ili arudishiwe cheo chake cha mwenye ghala.

Alichungulia kihenge, ambako mgambo walikuwa kazini. Akaangalia mtungi uliojaa, na kuni zilizopangwa mpaka dirishani. Kisha akachukua punje mbili, akaziweka mbele yao.